Mtakawa wa Mama Rahmah

Wateja ndio waliogundua kwanza. Wabadilisha pesa wa Bwera, mjini mpakani, si watu wa kunyamaza chakula kikiwa kibaya, na kwa siku tatu mfululizo walimrudishia Bushira, mpishi wao, maharagwe yake wakimuuliza kama chumvi imekwisha ziwani Katwe. Bushira alikuwa akiitia kwa kiganja. Aliudhika, akaonja mwenyewe: hata yeye hakuisikia chumvi. Siku ya nne binti yake Rahmah, wa miaka mitano, alianguka akalia, na mama alipombusu shavuni, chozi lile halikuwa na ladha yoyote. Lilikuwa maji matupu.

Ndipo alipoanza kuutazama mtakawa, ule mti wa uani.

Mumewe Isa, dereva wa lori, aliuleta kutoka Mombasa ukiwa mche ndani ya kopo, upendezeshe uwanja. Maua yake yalichanua manjano asubuhi, jioni yakaanguka yamekuwa mekundu. Katika miezi mitatu ulikuwa umepita paa. Kila adhuhuri Rahmah alikwenda kukaa chini yake, na saa hiyohiyo majani yalivuma, mvumo wa kuja na kurudi, ilhali nguo kwenye kamba hazitikisiki. Harufu ya samaki wabichi ilijaa jikoni. Mtoto alizidi kukonda. Akiulizwa anaongea na nani pale, alisema ni bibi mmoja mwenye njaa.

Bushira alijaribu kuukata. Panga lilipogusa gome, Rahmah alipiga yowe ndani ya nyumba, akiushika mguu wake. Mama akalitupa panga. Simu ya Isa haikupatikana, alikuwa safarini, basi akapanda boda hadi Kyondo kumchukua mzee Kathembo, mganga aliyezeeka akitoa pepo wa milimani.

Kathembo aliuzunguka mti mara moja tu. Alipozungumza, alinong'ona.

"Mama Rahmah, hakuna muti inakunywaka chumvi na inaishi. Ikikauka, mwenye iko ndani atatoka."

"Na mutoto, muzee?"

"Mutoto atabakia."

Walimwaga magunia mawili ya chumvi ya Katwe shinani, wakaimwagia maji, wakasimama kando, na nyasi zikaanza kujikunja, na majani yakavuma kwa nguvu kuliko siku zote, mvumo ukija na kurudi, ukija na kurudi, ukikaribia, hata Bushira akahisi ubaridi wa maji miguuni pake na kutazama chini asione kitu ila vumbi, na ghafla machipukizi yote yakafunguka kwa pamoja, manjano kila tawi, kisha kukawa kimya. Kathembo alisema mti unaaga.

Kweli, Rahmah aliamka mkekani na kula sahani nzima. Bushira alimbusu, shavu likawa na chumvi. Alilia kwa furaha, akamshukuru mzee, akamsindikiza hadi barabarani.

Aliporudi, simu ikalia. Alikuwa Isa. Bushira alimweleza yote mbiombio, mpaka magunia mawili.

"Bushira, ile muti niliing'oa ku muchanga ya bahari," alisema Isa. "Chumvi ndiyo chakula yake. Muliipa chakula?"

Bushira aligeuka. Rahmah alikuwa amesimama nyuma yake. Mtoto huyu hakuwahi kutoka Bwera, na Kiswahili chake kilikuwa cha mutu na mutoto, kama cha mama yake. Sasa alizungumza taratibu, Kiswahili laini cha watu wa pwani, kwa sauti yake ileile ndogo.

"Ahsante, mwanangu. Nimeshiba."

Bushira aliogopa kuuliza, lakini akauliza kwa mnong'ono, "Rahmah iko wapi?"

Mtoto alielekeza kidole uani, kwenye shina lililozungukwa na weupe wa chumvi.

"Yumo mtini. Lakini chumvi yote ile, yeye hataiweza."