Harufu ya Omena Katikati ya Chalbi

Trizah alichukua jerikeni, akamwacha Kimotho hemani akichua miguu, akateremka kwenye mto mkavu kuchimba maji kabla giza halijaingia. Ilikuwa siku yao ya sita wakivuka jangwa la Chalbi kwa miguu, mizigo mgongoni. Siku mbili hawakuwa wameona mtu.

Kimotho alikuwa mtoto wa landilodi wa Kawangware 56. Trizah alizaliwa Kisumu Ndogo, Kibera. Kupenda kutembea ndiko kulikowakutanisha. Na ni kutembea huko huko kulikomponza Trizah: mama yake, Seline, alipokata roho mwaka uliopita, yeye alikuwa juu ya mlima, simu imezimwa.

Alichimba. Mchanga ukaanza kulowa. Ndipo ikamfikia...

Harufu ya omena ikikaangwa.

Aliinua kichwa. Pande zote chumvi na mawe. Kisha akasikia mwiko ukigonga karai. Ko... ko-ko. Ndivyo Seline alivyokung'uta mafuta, miaka ishirini, pale mlangoni kwake alipouzia dagaa hao.

Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda nyuma ya mawe meusi. Miguu ya Trizah ikaanza kwenda yenyewe.

"Nyathina, bi ichiem."

Mwanangu, njoo ule. Maneno yalikuwa ya Kijaluo. Sauti ilikuwa ya Kimotho.

Kimotho, asiyejua Kijaluo hata cha kuombea maji.

Nywele zikamsimama. Nyuma yake, mbali kule hemani, filimbi yao ya safari ikalia. Huyo ndiye Kimotho. Sasa huyu wa nyuma ya mawe...

"Bi ichiem." Safari hii ilikuwa sauti ya Seline mwenyewe, yenye uchovu, kama ya mtu aliyengoja sana.

Trizah alilia. Alitaka kwenda, hilo hakuwahi kulificha baadaye. Zilibaki hatua kumi tu, amwombe mamake msamaha.

"Mama," alinong'ona, "nimeshiba."

Mwiko ukanyamaza. Harufu ikakatika, kama mlango uliofungwa.

Aliacha jerikeni palepale, akarudi bila kugeuka nyuma.

"Ulikuwa wapi?" Kimotho aliuliza. "Nimepiga filimbi mpaka nimechoka."

"Kuna kitu huko, Kimo. Usiniulize."

Kimotho akaingia hemani kulala.

Asubuhi walikutana na mchunga ngamia aitwaye Galgallo, akawapa maji kwa kikombe cha bati. Trizah akamsimulia yote.

"Hapo watu walikufa njaa, zamani sana," Galgallo alisema. "Wanakuita na chakula ya kwenu. Ukikataa, wanakuacha uende."

Kimotho alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu.

"Na kama mtu amekula?"

Trizah akageuka. "Kimo?"

"Githeri kidogo tu. Ile time ulienda maji." Alisema polepole, bila kuinua uso. "Shosho alinibembeleza. Ningemkataliaje?"

Kimotho alikuwa darasa la tano walipomzika nyanya yake huyo.

Galgallo alikitazama kikombe alichonywea Kimotho, akakiacha pale mchangani, akawaswaga ngamia wake mbiombio mpaka vumbi likamficha.

Zilibaki siku nne kufika barabarani. Hema lilikuwa moja.

"Twende basi," Kimotho alisema, akatabasamu.

Trizah akamwambia atangulie.