Kadi ya Mteja Mkubwa

Mwajuma alikuwa akianika makopa ya muhogo uani, kijijini Mpapura. Mumewe, Ismaili, alikuwa amekwenda Mtwara mjini kupokea malipo ya korosho. Alirudi kifua mbele. Mwajuma akajua kuna jambo, maana kifua cha Ismaili hakijui kutunza siri.

"Mke wangu, mwaka huu na sisi ni watu," alisema. "Kuna duka mjini linauza Kadi ya Mteja Mkubwa. Ukiwa nayo hupangi foleni. Unapewa kiti na chai. Majokofu na mazulia unapunguziwa bei. Hata lori la kukufikishia mzigo lipo. Unailipia kila mwaka tu."

"Unailipia kwa pesa ipi?"

"Hii hii ya korosho."

Mwajuma aliacha makopa. Pesa hiyo ilikuwa ya palizi. Mwaka uliopita walichelewa kupalilia. Nyasi zilikauka, moto ukapita, ukala nusu ya mikorosho yao. Mikorosho hiyo aliipanda mama yake mzazi. Iliyobaki ikiungua, watavuna nini? Moyo ulimuuma, lakini hakupiga kelele.

"Haitoki hata senti," alisema, "mpaka tumuulize Mama Gaudensi."

Mama Gaudensi, jina lake Felista, alikuwa mke wa mwalimu wa kijiji. Zamani alikuwa karani wa benki. Walimkuta anachambua mchicha. Alimsikiliza Ismaili mpaka mwisho, wala hakumcheka.

"Kadi kama hiyo si lazima iwe utapeli, shemeji," alisema. "Mwenye hoteli anayenunua vitu kila wiki huenda ikamfaa. Lakini usiulize kadi inatoa nini. Uliza wewe utatumia nini. Mjini unakwenda lini?"

"Msimu wa korosho. Na sikukuu."

"Jokofu utalichomeka wapi?"

Ismaili alikuna kichwa. Mpapura hapakuwa na umeme.

"Na hilo lori, linafika huku kwetu?"

"Walisema mwisho wake mjini."

"Basi utakuwa umenunua kiti na chai. Chai ghali hiyo, shemeji."

"Na heshima je?" Ismaili aliuliza kwa sauti ndogo. "Watu wakiniona nimekaa..."

"Mwaka jana watu walituona tukizima moto kwa matawi," Mwajuma alisema. "Ile ilikuwa heshima gani?"

Ismaili alichukua shina la mchicha, akaanza kusaidia kuchambua. "Haya," alisema. "Mmenishinda."

"Wekeni pesa ya palizi benki, kwenye akaunti ya akiba ya kawaida," Felista alisema. "Na mkiletewa kadi nyingine, pigeni hesabu kwanza: tunalipa nini kwa mwaka, na tunapata nini tunachokihitaji?"

Jumatatu walikwenda mjini wote wawili kuweka pesa benki. Walipopita mbele ya lile duka, Ismaili alipunguza mwendo. Mwajuma hakupunguza.

Masika yalipokwisha, walitoa pesa, wakaweka vibarua. Shamba lilipaliliwa lote, na mpakani nyasi zikafyekwa zikaondolewa. Kiangazi moto ulikuja kutoka porini, kama kawaida yake. Ulifika mpakani, ukakosa cha kula, ukazimika.

Siku ya kwanza ya kuokota korosho, Mwajuma aliweka kigoda chini ya mkorosho wa mama yake. Akamimina chai.

"Karibu kiti, mteja mkubwa."

Ismaili alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akakaa.

"Na foleni hakuna," alisema, akanyoosha kikombe aongezewe.