Ugonjwa wa Sekove

Jumamosi sokoni Nadi, mji wa kisiwani, hakuna pa kuweka mguu. Akanisi, mrefu, gauni la maua mekundu, ua jeupe sikioni, alikuwa akipanga nyanya zake mezani pale kijana mmoja alipochukua moja na kuinusa kama manukato.

"Unanunua au unaibusu?"

"Naikagua. Naitwa Sekove. Nami nalima nyanya kwenye maji, ng'ambo ya daraja. Ila zangu haziugui."

"Hata kidogo?"

"Zitauguaje, dada, na udongo hazijauona?"

Akanisi alicheka mpaka ua likadondoka. Sekove aliliokota, akaondoka na namba ya simu.

Wakapendana. Kila jioni Sekove alikuwa kwao, akila samaki wa nazi hadi mama mtu akaanza kumwita mwanangu. Halafu ghafla, kimya. Akanisi akapiga simu.

"Kipenzi, mama kapika. Unakuja?"

"Siwezi, mpenzi. Nikija nitakuletea ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Naona aibu kuusema."

Akanisi akaketi. "Sekove, umeupata kwa nani?"

"Mtoni."

"Mtoni kwa nani?"

"Mtoni tu! Ilikuwa mara moja, Akanisi. Shida ilinizidi."

"Mara moja!" Akakata simu.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Sekove, mwavuli mkononi kama rungu. Sekove akatokea ndani ya banda lake la plastiki, kavaa glavu na buti, macho mekundu.

"Usiingie! Simama hapohapo!"

"Yumo ndani, siyo? Mtoe nimwone!"

"Nani?"

Akanisi alimpiga kikumbo, akaingia. Mwanamke hakuwemo. Nyanya zilikuwa zimelala juu ya mabomba yake, majani bado ya kijani lakini yamelegea kama nguo mbichi. Sekove alikata shina moja, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka taratibu.

"Mnyauko wa bakteria," Akanisi akanong'ona.

"Bomba lilikauka, nikajaza tangi maji ya mto. Ningekuja kwenu na buti hizi, na nyanya zenu zingekwisha. Wewe na mama mtakula nini?"

Mabega ya Akanisi yakaanza kutikisika.

"Usilie, mpenzi..."

"Silii!" Alikuwa akicheka, machozi yakimtiririka. "Mwenzio nilidhani una kaswende!"

"Mimi? Kaswende?"

"Sasa si ungesema ni nyanya!"

"Ningesemaje, na majivuno yote yale ya sokoni?"

Dawa haikuwepo. Waling'oa kila mche, wakachoma, wakamwaga maji ya tangi kwenye shimo mbali na mto, wakasugua mabomba kwa klorini mpaka pua zikawaka. Kisha Akanisi akamfundisha kupandikiza miche ya nyanya kwenye mashina ya bilinganya, ambayo bakteria hao hawayawezi.

"Juu nyanya, chini bilinganya," Sekove alisema, akifunga kiungo kwa kibanio. "Kama mimi na wewe."

"Unaniita bilinganya, Sekove?"

"Nakuita mizizi. Nikuoe?"

Akanisi alimtazama: klorini nyusini, shati limetoboka, kibanio bado mkononi.

"Lete wajomba zako na jino la nyangumi la posa," alisema. "Na waambie mama yangu hasikii vizuri. Mkimwomba kwa sauti ndogo, atadhani mmekuja kununua nyanya."

Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Wajomba walipaza sauti hata jirani wakatoka nje, na mama akalipokea jino kwa mikono miwili kabla hawajamaliza kuomba.