Maharage Yaliyoivia Kapuni

Mwaka 1997, Dévote aliishi peke yake katika chumba kimoja huko Jabe, mjini Bujumbura. Mumewe, Callixte, alikwenda Bubanza kununua ndizi. Vita vilimkuta njiani. Hakurudi, na hakuna aliyejua alikolala. Watoto wao, Joëlla na Claude, walivuka mpaka pamoja na shangazi yao kwenda Kigoma. Tangu hapo hapakuja habari.

Mchana Dévote aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Jabe. Watu walimsalimu, naye akaitika. Jua likianza kushuka, kila mtu alikimbilia kwake, maana ilikuwa marufuku kutoka nje jioni. Huko milimani risasi zililia. Dévote alifunga mlango na dirisha. Aliziba hata upenyo wa chini kwa kitambaa. Kisha aliwasha mbabura, jiko lake la makaa, humo humo ndani.

Maharage hayana haraka. Alikaa akiyatazama. Bado alipika ya watu wanne. Mkono ulikuwa haujajifunza kupimia mtu mmoja.

Jioni moja kichwa kilianza kumgonga. Akadhani ni huzuni, maana huzuni ilikuwa imemzoea. Tumbo likachafuka, miguu ikalegea. Alipojaribu kusimama alianguka, akagonga bati la mlango.

Chumba cha pili aliishi Geneviève, ambaye watu walimwita Mama Landry, aliyekimbia vita kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Alisikia kishindo, akatoka uani.

"Mama Joëlla! We, Mama Joëlla!"

Akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Akamburuta Dévote hadi uani, penye hewa.

Baada ya muda Dévote alifumbua macho. "Wamenipiga risasi?"

"Apana. Ni makala yamekupiga," alisema Geneviève, akionyesha makaa yaliyowaka ndani.

Asubuhi Geneviève alimletea uji. Dévote alikuwa bado dhaifu.

"Mama Landry, mi sikuona moshi hata kidogo," alisema.

"Ndiyo hatari yake. Makala yakiwaka vizuri, moshi hauonekani. Lakini yanatoa hewa ya sumu. Haina harufu. Ukifunga chumba, inakulaza, na mutu anaweza asiamuke tena. Usiwashe makala ndani, hata siku moja."

"Sasa nipike wapi? Jioni nje kuna risasi. Na makala yenyewe hayaonekani sokoni, barabara zimefungwa."

"Hata zikifunguliwa, yatatoka wapi? Angalia mlima ule." Geneviève alinyoosha kidole. "Umebaki upara. Gunia moja la makala linakula miti mingi. Miti ikiisha, mvua inashuka na udongo mpaka kwenye nyumba zetu, na joto linazidi. Serikali inasema tusikate. Ni vizuri. Lakini mutu mwenye njaa ukimukataza bila kumupa njia ingine, atakata tu."

"Na hiyo njia ingine ni gani?"

"Kapu. Tulifundishwa kwetu Uvira, katika kikundi cha wamama."

Siku hiyo Dévote aliloweka maharage. Kesho yake mchana, Geneviève alitoa mbabura nje, akaiweka uani. Walichemsha maharage kwa nguvu karibu nusu saa. Huku nyuma walijaza majani makavu ya migomba ndani ya kapu kubwa, wakaacha shimo katikati.

"Sasa kitu kizito cha kufunika, joto lisitoke," alisema Geneviève.

Dévote aliingia ndani, akachelewa. Alitoka amekumbatia blanketi dogo la bluu.

"La watoto. Sijalifua tangu waondoke. Lina harufu yao."

"Basi acha, dada. Tutafute gunia."

Dévote alilinusa. Akatikisa kichwa. "Apana. Na lenyewe lifanye kazi."

Wakatia sufuria kapuni na mfuniko wake, ingali ikitokota. Wakaizungushia blanketi, wakakandamiza. Geneviève akayamwagia maji makaa yaliyobaki, ayakaushe kwa siku nyingine. Dévote hakuamini. Alikwenda sokoni moyo mzito, akijua jioni atatafuna mawe.

Aliporudi, jua lilikuwa bado lipo. Alifunua kapu. Mvuke ulimpiga usoni. Akabonyeza harage moja kwa vidole, likapondeka.

"Mama Landry! Njoo uone!"

"Yarudishe motoni kidogo tu, yachemke, halafu tule," alisema Geneviève, akicheka.

Toka siku hiyo waliwasha moto mmoja kwa nyumba mbili. Makaa ya wiki moja yakafika wiki mbili na zaidi. Wauza ndagala wenzake wakaja kujifunza. Dévote aliwaambia kwanza habari ya hewa ya sumu, ndipo akawaonyesha kapu.

Kutoka Kigoma hapakuwa na neno bado, na risasi hazikunyamaza. Lakini kila jioni, kabla ya saa ya kujifungia, wanawake wawili walikaa uani na sahani zao.

"Ongeza, Mama Landry," Dévote alisema. "Nimepika ya watu wanne."