Mtandao wa Tatu Kwenye Laptop ya Kaka

— Hiyo laptop naifuta leo, niweke Windows. Mwenyewe kafa, na yenyewe imekufa.

Mchumba wangu alisema hayo sebuleni kwetu, flashi mkononi. Laptop ilikuwa ya marehemu kaka yangu. Alinifundishia mfumo wa Linux, usio Windows, kwenye meza ileile, na sauti alizojirekodi akinielekeza zimo humo. Nakala nyingine sina.

— Tatizo ni wifi tu, nikamwambia. Haikamati tangu uirudishe Jumapili.

— Ndiyo Linux hiyo! Kompyuta ya kuandika amri kama mtu anapiga ramli.

— Niache nijaribu.

— Wewe? Akacheka mpaka akakaa. — Haya, fundi. Dakika tano, kisha nafuta. Harusi ni mwezi ujao, sitaki mizigo ya maiti nyumbani kwangu.

Nilifungua daftari la kaka, mwandiko wake umelala kama kawaida: “Wifi ikigoma, usikimbilie kufuta. Kwanza angalia kama kadi yake inaonekana. Pili, angalia kama imezimwa. Tatu, tazama mitandao inayoikumbuka.”

Nikaandika amri ya kwanza. Kadi ilionekana, nzima kabisa. Nikaandika ya pili.

— Haijafa. Imezimwa.

— Labda ni vumbi, akasema. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

— Vumbi linajua kuzima wifi?

Nikaiwasha, kisha nikaandika amri ya tatu. Ikaja mitandao mitatu: wa nyumbani, wa kazini kwa kaka, na mmoja unaoitwa JiraniLipiaYako.

Jina hilo nililijua. Shoga yangu, aliyekuwa awe msimamizi wangu siku ya harusi, aliipa wifi yake kuwakejeli majirani. Nywila yake hata mimi hakuwahi kunipa. Mara ya mwisho kuunganishwa: Jumamosi, saa nane mchana.

— Jumamosi si uliiazima ukaenda nayo semina?

— Ndiyo. Semina.

— Ilifanyika kwa shoga yangu?

— Hilo takataka linakosea! Ndiyo maana nataka kulifuta!

Nikapiga simu, nikaweka spika.

— Abee, bibi harusi!

— Shoga, nywila ya wifi yako ulimpa nani Jumamosi?

Akajibu kwa sauti ndogo:

— Kwani hakufuta? Aliniambia angefuta yote.

Simu ikakatwa.

— Mpenzi, nisikilize. Shetani tu alinipitia...

— Shetani hana nywila ya shoga yangu. Ulizima wifi ili nikubali kufuta sauti ya kaka, kisa umeshindwa kufuta mtandao mmoja. Ungejishusha ujifunze amri moja tu, leo ningekuwa nachagua gauni. Ukaidharau hata mashine uliyokuwa unaficha ndani yake aibu yako! Chukua flashi yako, mlango unaujua.

Akatoka.

Niliiunganisha laptop na mtandao wa nyumbani, nikafungua sauti ya kaka ya somo la wifi. Alikuwa anatafuna kitu huku akiongea, kama zamani.

“Umeona, dada? Haikuwa imekufa. Sasa ufute ule mtandao usiouhitaji tena.”

Nikaufuta ule wa tatu. Kisha nikachukua simu, nikafuta namba mbili.