Nyayo Chini ya Mwamba

Haya yalimpata rafiki yangu Jalila, mwalimu wa Likoni, asubuhi ya jua kali. Alikwenda kuwapigia wanafunzi wake picha za matumbawe. Mwambani alimkuta Bi Dhahabu, mvuvi mzee wa pale, akichokoa pweza mashimoni.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia. "Rudi kwenu! Huko chini leo hutakiwi. Na ukishuka, usiniite."

Jalila alivaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, akavuta pumzi, akabana pua na kupuliza masikio yazibuke, akazama taratibu, mwili umelegea kama alivyozoea. Chini ya mwamba kulikuwa na giza. Akapiga picha ya kwanza kwa kamera yake ya majini. Hapo akasikia jiwe likigonga jiwe: ko, ko, ko. Akapiga ya pili, na mlio ukasogea. Alipopiga ya tatu, ulikuwa kisogoni mwake. Akageuka, asione ila maji. Akapanda juu mbio.

Nyumbani alizitazama picha. Katika ya kwanza, mchanga ulikuwa mtupu. Katika ya pili, nyayo za mtu zilitoka gizani. Katika ya tatu zilikuwa zimefika pale alipokuwa akielea, na hapakuwa na hata unyayo mmoja wa kurudi.