Jibu la Mgonjwa Mwingine

PAAA!

Kofi la Mama Naomi lilinipata kikombe cha chai ya matanga kikiwa bado mkononi.

"Umeniulia mwanangu, halafu waja kunywa chai yake!"

Jamani mnaonisoma, uani pale watu wote walitukodolea macho. Nyumba yao iko nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, kuta zimebanana. Hata jirani wa ghorofani alifungua dirisha.

"Mama, mimi..."

"Usiniite mama! Uligeuka njiani, Nyevu. Uligeuka!"

Na ni kweli... niligeuka.

Ngojeni niwaeleze.

Naomi alikuwa rafiki yangu tangu utotoni. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Ukimzidi, lazima aongezwe damu, na kundi lake ni adimu. Mimi ni la hilohilo.

Alikuwa akinitania: "Shoga, ukipata mafua wewe, nakufa mimi!"

Tulicheka sana.

Kakake, Elvis, ndiye aliyetengeneza app ya watoaji damu. Kila mgonjwa ana ukurasa wake, jina juu, hali yake chini: INAHITAJIKA au IMEPATIKANA. Mtoaji akikubali, wao huko hospitali wanaona "Yuko njiani".

Siku hiyo nilikuwa Liwatoni, kwenye kazi yangu ya kusafisha samaki. Tulikuwa mapumzikoni, simu mkononi, app ikalia. Kwa haraka kidole kikaangukia mgonjwa mwingine, mzee Wekesa. Nikarudi nyuma, nikafungua wa Naomi.

INAHITAJIKA.

Nikabonyeza "Nakuja". Nikatupa glavu, nikatoka mbio, magamba ya samaki yangali mwilini.

Nilipofika langoni nikatazama simu tena.

Jina ni Naomi. Chini yake: IMEPATIKANA. ASANTE.

Nililia kwa furaha, wenzangu. Palepale langoni!

"We Nyevu, watoka ama warudi?" msimamizi akapiga kelele.

"Narudi! Mungu ni mwema!"

Tukiwa kazini simu huachwa kabatini. Nilipoishika tena nilikuta Elvis amepiga, amepiga, amepiga... Na ujumbe wa Mama Naomi: "Nyevu mwanangu, umefika wapi?"

Kumbe kwao nilikuwa bado niko njiani. Walikuwa wakiningoja mimi.

Naomi hakuweza kungoja.

Basi pale uani, shavu likiwaka moto, sikujibizana. Nilimpa Elvis simu yangu.

"Kaka, iliniandikia imepatikana. Nionyeshe nilipokosea."

"Haiwezekani. Ulibonyeza wapi kwanza?"

"Kwa Wekesa, bahati mbaya. Nikarudi. Ndipo nikafungua kwa Naomi."

Akafanya vivyo hivyo. Wekesa. Nyuma. Naomi.

Netiweki ya pale ni ya kusuasua. Tukangoja.

INAHITAJIKA.

"Mwaona?" Mama Naomi akawageukia watu. "Mwongo huyu!"

Elvis hakuondoa macho kwenye simu.

Halafu, bila mtu kugusa chochote, maandishi yakabadilika.

Naomi. IMEPATIKANA. ASANTE.

Elvis akakaa chini, sakafuni, simu mkononi.

"Hili ni jibu la Wekesa," akasema. "Limechelewa njiani, likafika ukurasa wa Naomi ukiwa umeshafunguka, likaandikwa juu yake. App yangu inatuma maombi yote bila kungojana. Na jibu likirudi... sikuifunza kuuliza ni la nani."

"Kwa nini, Elvis?"

"Nilitaka iwe ya haraka, Mama. Naomi hakuwa mtu wa kungojeshwa."

Mama Naomi alinitazama. Akautazama mkono wake ulionipiga. Kisha akamtazama mwanawe aliyebaki.

"Nyevu," akaniuliza polepole, "na huyu nimpige na nini?"

Nilimkumbatia, tukalia.

Mzee Wekesa yu hai, na simlaumu. Nyinyi mnaotengeneza app, jibu lililochelewa lisiruhusiwe kuingia nyumba isiyo yake. Na wewe unayesoma, ukiona habari njema ya mgonjwa, piga simu. Sikia sauti ya mtu kwanza, ndipo urudi kazini.

Elvis ameirekebisha app. Sasa kila jibu linakwenda kwa mwenyewe.

Lakini ukurasa wa Naomi hajaufuta. Jana niliufungua.

Bado unasema INAHITAJIKA.